Kansere ya ini: uvimbe unaokosa oksijeni ndio unaosumbua waganga zaidi

Mtu angefikiri kwamba uvimbe wa kansere ukikosa oksijeni, utakufa. Kwenye ini, mara nyingi ni kinyume.

Uvimbe unakua haraka kuliko mishipa inayouletea damu. Seli zilizo mbali na mishipa zinakosa oksijeni. Nyingi zinakufa, ila zinazobaki zinakuwa sugu. Ndani yake, protini inayoitwa HIF, ambayo huharibiwa oksijeni inapotosha, inadumu na kuamuru mishipa mipya iote. Seli zinazoea kuishi kwa sukari, na nyingine zinahamia mapafu ao mifupa. Waliogundua namna seli inavyotambua oksijeni, Wamarekani William Kaelin na Gregg Semenza pamoja na Mwingereza Peter Ratcliffe, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Kwa mgonjwa, uvimbe wa namna hiyo ni habari mbaya: kwa kawaida kansere inarudi upesi baada ya upasuaji, na maisha yanakuwa mafupi.

Matibabu nayo yanagongana na tatizo hilo. Uvimbe wa ini unapata damu karibu yote kwa njia ya ateri, wakati ini lenyewe linategemea zaidi mshipa unaotoka matumboni. Hivyo waganga wanaingiza mrija mwembamba, wanamwaga dawa ndani ya uvimbe, kisha wanaziba ateri. Njia hiyo inarefusha maisha, lakini kipande kisichokufa kinabaki na njaa ya oksijeni na kuita mishipa mipya. Miale nayo inahitaji oksijeni ili kuua: seli isiyo nayo inaweza kudai kipimo cha karibu mara tatu.

Ndiyo sababu ya dawa zinazozuia mishipa hiyo kuota: sorafenib tangu 2007, kisha, mwaka 2020, bevacizumab ikiunganishwa na atezolizumab, inayoamsha kinga ya mwili. Ni dawa za bei kali, na kwa familia nyingi za Kivu ao Ituri ni kama hazipo.

Uvimbe ukiwa bado mdogo, unaweza kukatwa ao kuchomwa kwa sindano maalum. Lakini wakati huo hauumi. Macho ya manjano na tumbo kujaa maji huja kwa kuchelewa. Kwa hiyo mwenye hepatiti B ambaye ini lake limeanza kukakamaa anashauriwa kupimwa ekografia kila miezi 6, hata akijisikia mzima.