Boti Yako Inataka Mashine ya Nguvu Gani?

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kiongozi wa darasa awe na ubao na chaki. Wanafunzi wawe na madaftari na kalamu.)

MWALIMU: Leo tutasoma na kufanya hesabu pamoja. Habari yetu ni boti ya jamaa, yaani boti ya baba, mama na watoto, ya kutembelea siku ya mapumziko. Tunataka kujua boti hiyo ifungwe mashine yenye nguvu kiasi gani.

Labda mmoja wenu atasema, "Mwalimu, mimi sina boti." Lakini wengi wetu tunapanda boti za wenzetu, na tunawapandisha watoto wetu. Mtu anayejua hesabu hii hutazama boti, hutazama mashine, kisha huamua kupanda au kubaki pwani. Kwa hiyo somo hili ni la kila mtu.

Tuanze na neno lenyewe. Mashine hupimwa kwa nguvu za farasi. Kipimo hiki kililetwa na James Watt, fundi wa Scotland aliyezaliwa mwaka 1736. Alikuwa akitengeneza mashine za mvuke, na wanunuzi walikuwa wakitumia farasi. Wakataka kujua mashine moja inafanya kazi ya farasi wangapi. Siku hizi twaweza kueleza hivi: nguvu ya farasi mmoja ni kama kumwinua mtu wa kilo 75 kutoka chini hadi kimo cha mita 1 kwa sekunde 1. Kiongozi, tafadhali andika ubaoni: FARASI 1 = KILO 75, MITA 1, SEKUNDE 1.

Katika mwaka 1909, huko Marekani, Ole Evinrude alianza kuuza mashine ya kufungwa nje, nyuma ya boti. Ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu tu. Leo ziko mashine za namna hiyo zenye nguvu ya farasi mia kadhaa. Basi mnunuzi akiingia dukani huona mashine nyingi, ndogo kwa kubwa, naye huuliza, "Nichukue ipi?" Muuzaji atamwonyesha iliyo kubwa. Jirani atamwambia, "Chukua iliyo rahisi." Sisi tutaiuliza boti yenyewe.

SEHEMU YA KWANZA: UMBO LA BOTI

Vyombo vya majini vina tabia mbili. Vipo vinavyokata maji, na vipo vinavyopanda juu ya maji.

Mashua yenye tumbo la mviringo na tezi nyembamba hukata maji. Inapokwenda, hufanya wimbi mbele, penye omo, na wimbi jingine nyuma, penye tezi. Kadiri mwendo unavyozidi, mawimbi hayo mawili huachana. Mwisho urefu wa wimbi huwa sawa na urefu wa chombo. Hapo mashua inakuwa kama mtu anayepanda kilima ambacho hakimaliziki, kwa sababu kilima chenyewe anakifanya yeye. Ukiongeza mashine, kilima kinaongezeka. Mwendo hauongezeki sana. Jambo hili lilichunguzwa na Mwingereza William Froude katika karne ya 19, kwa kuvuta vielelezo vidogo vya meli ndani ya tangi refu la maji.

Mwendo wa bahari hupimwa kwa noti. Si noti ya fedha! Noti moja ni mwendo wa maili moja ya bahari, yaani mita 1,852, kwa saa moja. Chombo cha kukata maji chenye urefu wa futi 16 hufika karibu noti 5 na nusu. Chenye futi 25 hufika karibu noti 6 na nusu. Hapo ndipo kikomo chake.

Boti ya namna ya pili ina tezi pana, na chini yake nyuma ni bapa. Ikipata nguvu ya kutosha hupanda juu ya wimbi lake na kuteleza juu ya maji, kama jiwe bapa ambalo mtoto hulirusha ziwani likaruka-ruka. Boti hii yaweza kwenda noti 20 na zaidi. Lakini sikilizeni vizuri: ikipata nguvu ya kutosha. Ikikosa, itabaki kukata maji kama mwenziwe.

SEHEMU YA PILI: UZITO

Sasa fungueni madaftari. Tuseme yuko Bwana Fulani wa Kunduchi, karibu na Dar es Salaam. Ana mke na watoto watatu. Siku za mapumziko wapenda kwenda kisiwa cha Mbudya kuoga na kula pamoja. Boti yake ina urefu wa futi 16, tezi yake ni pana futi 5, na chini ni bapa kidogo upande wa nyuma. Tuhesabu uzito:

Boti tupu: kilo 300.
Baba na mama: kilo 150.
Watoto watatu: kilo 90.
Petroli na tangi lake: kilo 25.
Nanga, maji ya kunywa, chakula na majaketi ya kuokolea: kilo 35.

Jumlisheni. Nangoja kidogo.

(Kimya kifupi.)

Vema. Jumla ni kilo 600. Je, tumemaliza? Bado. Tumesahau mashine yenyewe! Mashine ya farasi 8 ina karibu kilo 40. Ya farasi 15 ina karibu kilo 50. Ya farasi 40 ina karibu kilo 100. Mashine huisukuma boti, na boti huibeba mashine. Kwa hiyo sharti uzito wake uingie katika hesabu.

SEHEMU YA TATU: HESABU YA NGUVU

Bwana Fulani ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kwenda polepole, kwa kukata maji. Hapa farasi 5 kwa kila tani moja hutosha katika maji matulivu. Boti pamoja na mashine ndogo ni kilo 640, yaani si tani kamili. Zidisha 0.64 kwa 5. Unapata farasi 3 na kidogo. Kwa ajili ya upepo na mawimbi, mwenye hekima huzidisha mara mbili. Apata farasi 6 na nusu hivi. Basi achukue mashine ya farasi 8. Atakwenda noti 5.

Njia ya pili ni kuteleza juu ya maji. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba kila farasi asibebe zaidi ya kilo 18. Na akibeba kilo 11 tu, boti itakuwa nyepesi na yenye mbio. Boti pamoja na mashine ya farasi 40 ni kilo 700. Gawanya 700 kwa 40. Jibu ni kilo 17 na nusu kwa kila farasi. Inatosha.

Sasa tazameni anayechagua katikati. Anasema, "Farasi 8 ni wachache, 40 ni ghali, nitachukua 15." Boti yake ni kilo 650. Gawanya kwa 15. Kila farasi amebebeshwa zaidi ya kilo 43. Boti haitapanda. Omo itainuka, tezi itazama, baba hataona mbele, na petroli itaungua bure. Ametoa fedha nyingi kuliko mwenye mashine ya farasi 8, lakini hakupata alichokitaka. Katika jambo hili, katikati si mahali pazuri.

Je, petroli? Mashine ikifunguliwa moto wote, farasi mmoja hula zaidi kidogo ya theluthi ya lita kwa saa. Mashine ya farasi 8 hula karibu lita 3 kwa saa. Ya farasi 40 hula karibu lita 15. Wenye boti wana desturi nzuri: theluthi ya petroli ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya akiba. Usiguse akiba kwa ajili ya matembezi.

SEHEMU YA NNE: NGUVU KIDOGO MNO

Kuna watu wanaosema mashine ndogo haina hatari. Si kweli. Katika pwani yetu mkondo wa bahari huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, huko nje ya miamba, waweza kufika noti 4. Tuseme safari ya kurudi ni maili 2 za bahari, na boti inakwenda noti 5. Maji yakiwa yametulia, utafika kwa dakika 24. Mkondo wa noti 2 ukikukabili, unabaki na noti 3, na utachukua dakika 40. Mkondo wa noti 4 ukikukabili, unabaki na noti 1 tu. Safari ya dakika 24 imekuwa ya saa 2.

Na kama mashine ni dhaifu, boti yaenda noti 3 tu? Mashine itanguruma, maji yatapita ubavuni, watoto watadhani wanakwenda mbele, kumbe wanarudi nyuma. Kisha petroli itakwisha. Ndiyo sababu nguvu hupimwa kwa saa mbaya ya siku, wala si kwa asubuhi tulivu ya kuondokea.

Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wana jambo jingine. Ziwa lao liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na mashine hupungukiwa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mashine ya farasi 40 inakuwa kama ya 36. Gawanya 700 kwa 36. Ni zaidi ya kilo 19 kwa kila farasi. Kwa hiyo jamaa ile ile, ikiwa Mwanza, yahitaji mashine ya farasi 50, au ipunguze mzigo.

SEHEMU YA TANO: NGUVU NYINGI MNO

Nguvu nyingi mno nayo huua. Mashine nzito hulalia tezi, na wimbi likija kwa nyuma maji huingia ndani. Ubao wa tezi waweza kupasuka. Na boti yenye mbio kupita kiasi, ikikata kona ghafula, hupinduka au humtupa mtu nje.

Kwa hiyo mafundi wameweka kikomo. Huko Marekani, tangu mwaka 1972, boti ndogo za mashine zisizofika futi 20 hutengenezwa zikiwa na kibao kinachotaja idadi ya watu, uzito, na nguvu ya juu kabisa ya mashine ya nje. Hesabu yao tunaweza kuifanya hapa hapa. Zidisha urefu wa boti kwa upana wa tezi, kwa futi. Boti ya Bwana Fulani ni 16 mara 5, yaani 80. Ikiwa boti ina usukani wa gurudumu, na ubao wa tezi una kimo cha inchi 20 au zaidi, zidisha 80 kwa 2, upate 160. Kisha toa 90. Kikomo ni farasi 70. Ikiwa mashine yaongozwa kwa mkono, kikomo hushuka hadi farasi 40. Na kama chini ya boti ni bapa kabisa, hushuka hadi 25. Basi kwa usukani wa gurudumu, farasi 40 wa Bwana Fulani wako ndani ya kikomo.

Ukinunua boti, tafuta kibao hicho kabla hujauliza bei. Kama hakuna, mwulize fundi aliyeiunda.

Tena, wasikilizaji, nguvu ya mashine haiongezi nafasi ya watu. Mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Chombo kikijaa kupita kiasi, farasi hata elfu hawatakiokoa. Wazee walisema, chombo cha kuzama hakina usukani.

SEHEMU YA SITA: JARIBU KABLA YA KULIPA

Usikubali kujaribu boti ukiwa wewe na muuzaji tu. Watu wawili ni wepesi. Jaza petroli, pakia mizigo, na weka watu wazima kadiri ya uzito wa jamaa yako. Kila mtu avae jaketi. Mwendesha boti ajifunge mkononi ile kamba ya kuzimia mashine, ili akianguka mashine izime. Kisha fungua moto wote mahali palipo wazi. Kitabu cha mashine hutaja mizunguko yake kwa dakika. Nyingi huwa kati ya 5,000 na 6,000. Ikishindwa kufika hapo, huenda rafadha haifai au mzigo umezidi. Mara nyingi kubadili rafadha ni rahisi kuliko kununua mashine nyingine.

ZOEZI

Andikeni. Boti tupu ni kilo 450. Watu sita ni kilo 360. Petroli na vitu vingine ni kilo 60. Mashine ya farasi 50 ni kilo 110. Je, boti hii itateleza juu ya maji? Kama haitateleza, mwenyewe afanye nini?

(Kimya kifupi.)

Jumla ni kilo 980. Gawanya kwa 50. Kila farasi abeba zaidi ya kilo 19 na nusu. Ni nyingi. Mwenyewe anaweza kupunguza kilo 80, yaani mtu mzima mmoja asubiri safari ya pili. Au, kama kibao kinaruhusu, achukue mashine ya farasi 60. Au aende polepole, afike salama.

Mkiisha kuandika, someni tena hesabu hii nyumbani kwa sauti, na watoto wasikie. Siku wakialikwa kupanda boti ya mtu, nao wajue la kuuliza: boti hii yabeba watu wangapi, na mashine yake ni ya farasi wangapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.