Amande Inaenda Serikalini, Vidonda Vinabaki Nyumbani

Likasi, Kongo, kuanzia komini ya Kikula hadi ya Panda, mume akimpiga mke, mambo mara nyingi huishia kwenye kikao cha wazee au ofisi ya polisi, ambako bwana analipa amande, yaani faini, na wote wawili wanarudishwa nyumbani.

Amande hiyo ina msingi katika sheria. OPJ, yaani afisa wa polisi ya upelelezi, anaweza kuitoza kwa makosa madogo, na ikilipwa mashitaka yanazimika, isipokuwa parke, ofisi ya waendesha mashitaka, ikiamua kuyaendeleza. Lakini pesa ni za hazina ya serikali. Aliyepigwa hapati hata faranga moja, ingawa haki yake ya kudai fidia inabaki. Kwa ubakaji, mlango wa amande ulifungwa na sheria za Julai 2006.

Uzito wa kesi unategemea sana karatasi ya muganga. Kwa kipigo cha kawaida, kifungu cha 46 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha siku 8 hadi miezi 6. Kipigo kikileta ugonjwa au kumzuia mtu kufanya kazi, kifungu cha 47 kinapandisha adhabu hadi kati ya miaka 2 na 5. Karatasi hiyo, sertifika, ikisema tu "ana maumivu" haimsaidii mama. Itaje mkono upi umevunjika, na siku ngapi hataweza kubeba beseni lake la unga sokoni. Aende hospitali kabla uvimbe haujashuka. Wala kanuni haiulizi kama mliandikishwa komini au mahari yalitolewa: kupiga ni kosa.

Vikao vya familia sivibezi, ila vinakula muda, na kosa la kifungu cha 46 halishitakiki tena mwaka 1 ukipita. Polisi wakisuasua, aliyepigwa anaweza kumwita mpigaji moja kwa moja mbele ya mahakama ya amani, Tripaix. Asiye na pesa ya avokati aulizie ofisi ya ushauri wa bure ya chama cha maavokati.

Kwa wenye ndoa iliyoandikishwa, aliyefungua kesi ya talaka anaweza kumwomba hakimu aamue, kesi ikiendelea, nani akae wapi, nani alee watoto na nani atoe pesa ya chakula. Na kiwanja? Kama siku ya ndoa hamkuchagua mpango wa mali, Sheria ya Familia inahesabu kilichonunuliwa ndani ya ndoa kuwa cha wote wawili, hata kama karatasi ina jina la bwana peke yake.