Masoda mlemavu akifika Musonoi, tunamupa kazi gani?

Mutu akifika Musonoi kutafuta kazi, watu hawaangalii kwanza uso wake. Wanaangalia mikono na miguu. Anaweza kushuka mu shimo? Anaweza kubeba mfuko wa mawe mpaka pa gari? Anaweza kusimama mu maji tangu asubuhi mpaka jioni akiosha udongo? Kama jibu ni hapana, atapata maneno mazuri, pengine sahani ya bukari, lakini kazi hapana.

Ba papa na ba mama, watu hawa mnawajua. Mmoja anauza mayunite ya telefone kando ya barabara, magongo yake yameegemea ukuta. Mwingine anachunga depo usiku juu mwenye depo alimuhurumia. Walikuwa masoda, ao walikuwa mu makundi ya silaha, na vita iliwarudisha wakiwa na mguu mumoja ao mkono mumoja. Wanakuja Kolwezi kwa sababu ile ile iliyoleta wengi wetu: hapa njo kwenye makuta iko. Wakifika wanakuta kwamba makuta ya hapa inapita mu mgongo na mu magoti.

Serikali iliwahi kuwafikiria. Desemba 2003 iliunda CONADER, tume ya kukusanya silaha, kutoa watu jeshini na kuwarudisha mu maisha ya raia. Watu wazima zaidi ya 100,000 walipita mu mikono ya programu ile. Kamina, jirani yetu, ilipewa kituo kimoja cha brassage, mahali pa kuchanganya wapiganaji wa pande zote wawe jeshi moja. Asiyetaka kubaki jeshini alikuwa na njia ya kutoka, na aliyetoka alipewa dola 110, kisha dola 25 kila mwezi kwa miezi 12. Mahali pengi hizi 25 zilipitia mu telefone, kwa njia ya Celpay, wakati wengi wetu hatujasikia bado kama makuta inaweza kutembea mu telefone.

Pigeni hesabu. Ni dola 410. Na hizo 410, mutu mwenye bibi na watoto, mwenye mguu mumoja, aanze maisha.

Kweli, nyuma ya makuta kulipaswa kuwa na mafundisho ya kazi: kulima, kufuga, useremala, ushoni, biashara ndogo. Hapo njo ilikwama. Makuta ilitangulia, mafundisho yakachelewa. Yalipofika, mara nyingi yalikuwa mafupi, ao yalifundisha kazi ambayo pale mtaani hakuna mutu wa kuilipa. Mafundi ushoni kumi mu mukini mumoja wenye cherehani mbili: hata mwenye miguu miwili hatakula pale.

Sisi wa Musonoi tusiwacheke. Miaka ya 2003 na 2004 Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa ile waliyoita départ volontaire, na Benki ya Dunia ilitoa makuta, sawa vile ilivyotoa kwa CONADER. Kila familia hapa iko na hadithi yake ya makuta ile: gari iliyokufa mu mwaka mumoja, duka iliyoliwa na madeni, ndugu waliokuja wengi siku ya malipo na wakakosekana siku ya njaa. Na wale walikuwa watu wazima wa mwili, wenye ufundi wa miaka 20 mu mikono. Kama bale walishindwa, juu ya nini tunashangaa masoda mlemavu akishindwa?

Tunaona kosa ni kufikiri kwamba mafundisho ni darasa na karatasi ya mwisho. Kwa mutu aliyepoteza mguu, kazi inaanzia mbali na darasa. Inaanzia mu mguu wa bandia. Mguu ule si kiatu cha kununua mara moja. Kisiki cha mguu kinabadilika, kinakonda, kinatoka vidonda. Ngozi na skrubu zinaisha. Kisha miaka michache lazima upimwe tena. Aliyejifunza sudire na mguu ukavunjika, amerudi nyumbani pamoja na diplome yake. Mashariki kulikuwa na mahali watu walizoea kwenda, Shirika la Umoja pa Goma na Heri Kwetu pa Bukavu, yenye kusaidiwa na Msalaba Mwekundu. Lakini Goma ilianguka mu mikono ya M23 Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Tangu hapo masoda wa FARDC hawezi kwenda kule kukaza skrubu. Tena vita ile njo inatengeneza vilema wapya, na wengine wao watakuja huku kwetu.

Jambo hili si jipya duniani. Desemba 1914, vita ya kwanza ya dunia ikiwa bado changa, meya wa Lyon mu Ufaransa, Édouard Herriot, alifungua shule ya masoda waliokatwa viungo, wajifunze kazi za kufanya wakiwa wamekaa, kama kutengeneza viatu na kuandika hesabu. Mwaka 1915 Wabelgiji nao walifungua ya kwao pa Port-Villez, mu Ufaransa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, Force Publique iliingia Tabora, na nyuma yake msururu wa wabeba mizigo. Shule ya Port-Villez ilikuwa ya Wabelgiji.

Lakini hata Wafaransa waliona kama shule peke yake haitoshi. Mutu alijifunza vizuri, akaenda pa mlango wa kampuni, bwana akaangalia mkono wake wa mti na kusema kazi zimejaa. Ndiyo maana sheria ya tarehe 26 Aprili 1924 ililazimisha makampuni kuweka 10 kwa mia ya nafasi zao kwa waliojeruhiwa vitani. Kwanza mafundisho, kisha nguvu ya sheria pa mlango wa kazi. Karibu na sisi, Uganda iko na kituo pa Mubende kwa askari wake walioumia, na kule wanafundishwa kazi za mikono. Jeshi haliwaachi pa mlango wa hospitali.

Turudi Musonoi. Kazi gani hapa mutu anafanya akiwa amekaa, na watu wanailipa? Tuliketi tukazihesabu, na ziko nyingi kuliko tulivyodhani. Pa Musompo, mu madepo ya kuuza mawe, kila mzigo unapita mbele ya Metorex, ile mashine ndogo ya kupima kuna shaba na kobalti kiasi gani. Anayeishika haitaji miguu. Anahitaji macho, kujua kusoma, na moyo usiouzwa. Mnajua ninyi wenyewe namna creuseurs wanavyolalamika juu ya Metorex na mizani. Pengine mutu aliyezoea nidhamu ya jeshi angekaa pale vizuri. Pengine hapana, tumeona pia masoda wa kila namna. Kuna tena kutengeneza telefone, kufunga upya mota za pompe, kuandika vitabu vya kooperative, kushona kombine za kazi na mifuko, sudire ya meza. Hii ya mwisho inahitaji paka ateliye yenye meza ya urefu wa kiti na mlango usio na ngazi.

Nani afundishe? INPP ipo tangu 1964, na kazi yake ni ile. Msisahau inaishi na nini: kila kampuni inailipia kwa hesabu ya mishahara, kati ya 1 na 3 kwa mia kufuatana na ukubwa wake. Maana yake kampuni za shaba za Lualaba tayari zinalipa, na jasho la wafanyakazi wake limo ndani. Kuomba viti 10 vya walemavu mu darasa la sudire ao la umeme si kuomba sadaka.

Na vyombo? Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwezi wa Machi 2018 inaomba kila kampuni inayochimba itoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Wenyeji wako na wajumbe mu kikundi kinachosimamia makuta ile. Kwa kawaida wanaomba shule, visima, barabara, na wanafanya vizuri. Ateliye moja ya walemavu, yenye vyombo, yenye fundi wa kurekebisha miguu ya bandia anayekuja kila miezi mitatu, ingeweza kuandikwa kwenye orodha ile ile. Tunasema ya walemavu, hatusemi ya masoda peke yao. Udongo wa hapa unakata miguu pia. Mwezi wa Juni 2019 uliporomoka pa Kolwezi ukaua zaidi ya watu 40, na siku ambazo udongo haui, unavunja. Mfanyakazi wa kontra aliyeumia kazini yuko na CNSS ya kudai. Creuseur yuko na ndugu zake tu. Masoda na creuseur wakikaa pa meza moja, hakuna atakayesema makuta ya mgodi inaliwa na watu wa jeshi.

Ba mama tusiwasahau. Mara nyingi bibi njo anasukuma kigari, njo anauza pa soko, njo anashika makuta ya nyumba. Akijua kazi ya bwana wake, bei ya vifaa na majina ya wateja, ateliye haitakufa siku bwana akilala mgonjwa.

Sheria haikosekani. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 49, inampa mlemavu haki ya ulinzi wa pekee, na tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria nzima juu ya haki za watu wenye ulemavu. Shida ni kwamba wengi wao hawana karatasi mkononi. Aliyetoka jeshini ao mu kundi la silaha atafute cheti chake cha kutoka, karte ya uchaguzi, na karatasi ya daktari yenye kusema ni kiungo gani kimepotea na lini. Aliyepoteza cheti amwone shefu wa kartye, aandikwe pamoja na mashahidi wawili. Sisi tumeuliza pa mitaa mitatu ya Musonoi wako wangapi. Kila mutu alitaja wawili ao watatu anaowajua, na hakuna mwenye orodha. Wajumbe wa wenyeji, kabla hamjaingia mu mkutano ujao na kampuni, piteni avenue kwa avenue na daftari.