Taa ya kale ni pambo, lakini waya ukaguliwe kwanza

WAHENGA walinena kwamba ya kale ni dhahabu. Hata hivyo, si kila taa yenye vumbi inayouzwa kando ya barabara ni ya kale, na si kila ya kale inafaa kuwekwa mezani katika nyumba yenye watoto.

Familia nyingi za mjini hupenda kuipamba sebule kwa taa ndogo ya mezani iliyoundwa zamani. Taa hizi hupatikana masoko ya Gikomba na Toi jijini Nairobi, maduka ya Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa, au kwa wageni wanaouza vyombo vya nyumbani wakijiandaa kurudi makwao. Wengine hawana haja ya kwenda mbali. Taa yenyewe iko kwa nyanya huko mashambani, imetupwa darini, ikimngoja mnunuzi wa vyuma vikuukuu aje aipime kwa kilo.

Hapo ndipo hasara huanzia. Taa ya shaba iliyowaangazia babu na nyanya kwa miaka mingi huuzwa kwa bei ya chuma tu na kuishia kuyeyushwa. Ukienda nyumbani likizoni, mpenzi msomaji, uliza kuhusu taa za zamani kabla ya mtu wa mizani kufika.

Wafanyabiashara wa ng'ambo husema kitu ni cha kale kikifikisha miaka 100. Kilicho chini ya hapo ni cha zamani tu, hata kiwe kizuri namna gani. Muuzaji akikuambia taa ya miaka ya 1960 ni ya kale, jua anapandisha bei. Sheria ya Kenya nayo ina kipimo chake. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu cha kubebeka kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na hairuhusu kitu kama hicho kitolewe nchini bila kibali.

Taa zinazopatikana kwa urahisi hapa kwetu ni zile za mafuta taa, za glasi au za shaba, zenye utambi na chimni. Ukiona jina Aladdin, hiyo ni ya kampuni ya Chicago iliyoanza kuuza taa hizo 1909. Badala ya kutegemea mwanga wa utambi pekee, ina kimfuko cha wavu juu ya moto ambacho hung'aa sana kikipata joto. Vimfuko vya zamani vilitiwa madini ya thoriamu ambayo yana mnururisho kidogo, kwa hivyo watoto wasivichezee wala kupuliza majivu yake.

Kwa mwanafunzi, taa ninayoipendelea kuliko zote ni Anglepoise, ile yenye mkono wa viungo na springi. Ilibuniwa 1932 na George Carwardine, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akishughulikia springi za magari. Uzuri wake ni kwamba unaisukuma juu au chini nayo inabaki pale pale ulipoiacha. Ukiisukuma nayo ikaanguka, springi zimechoka.

Ipo pia ile ya kofia ya kijani ambayo watu huiona katika sinema za mawakili na mabenki. Ya asili iliitwa Emeralite na ilitoka New York 1909. Kioo chake ni kijani nje na cheupe ndani, ili mwanga ushuke kwenye karatasi. Chungulia ndani ya kofia kabla ya kuamini hadithi ya muuzaji.

Na kuhusu Tiffany, tahadhari! Siku hizi kila kofia ya vipande vya vioo vya rangi huitwa Tiffany. Taa za asili zilitoka katika karakana ya Louis Comfort Tiffany huko New York, na nyingi katika zile mashuhuri zilibuniwa na mwanamke, Clara Driscoll, ambaye sifa zake zilikuja kutangazwa wazi katika maonyesho ya 2007. Taa hizo huuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Muhuri wa jina chini ya kitako hautoshi kuwa ushahidi kwa sababu ni rahisi kuughushi. Nunua ile ya kuiga ukiipenda, mradi ulipe bei ya kuiga.

Beba sumaku ndogo unapokwenda sokoni. Shaba haivutwi na sumaku. Ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Pindua taa uangalie kitako, maana taa iliyotumika miaka mingi huwa imekwaruzika chini. Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa glasi utafute penye pengo.

Sasa tuje kwenye jambo linaloweza kuua mtu. Waya za zamani zilifunikwa kwa mpira na uzi wa pamba. Mpira huo hukauka, ukapasuka na kuacha waya wazi ndani ya mwili wa taa. Stima yetu ni ya volti 240. Kama taa ni ya shaba na ina nyaya mbili tu, bila ule wa ardhi, waya wa moto ukigusa shaba taa nzima hubeba stima, na mtoto anaweza kuishika.

Kwa hivyo usiiwashe mpaka fundi wa stima aondoe waya wote na kuweka mpya wa nyaya tatu: wa kahawia ni wa moto, wa buluu ni wa kurudisha, wa kijani na manjano ni wa ardhi. Katika taa za Uingereza za zamani wa moto ulikuwa mwekundu na wa ardhi kijani, na fundi asiyejua hilo anaweza kuchanganya. Fyuzi ya plagi iwe ya ampia 3, si 13. Taa iliyotoka Marekani iliundiwa volti 120, hivyo ibadilishwe waya, swichi na kishikio cha balbu pia.

Balbu iwe ya LED. Haina joto kali la kuunguza kofia ya hariri au karatasi.

Anayetaka kugeuza taa ya mafuta iwe ya stima asikubali itobolewe, kwani tundu huiharibia thamani. Kishikio cha balbu kinaweza kukaa juu, mahali pa utambi, na waya ukapita nje.

Nyumbani, ukingo wa chini wa kofia ulingane na macho ya aliyeketi. Anayeandika kwa mkono wa kulia aiweke kushoto ili kivuli cha mkono kisifunike daftari. Waya usipitishwe chini ya zulia.

Unapopatana bei, hesabu waya, plagi, kishikio na ujira wa fundi, kisha utoe jumla hiyo katika bei anayotaja muuzaji.