Mtihani Ndio Mhadhiri Mkuu

Jirani na vyuo vikuu vyetu hapakosi steshenari, na steshenari inayoijua biashara yake huuza vitu viwili: madesa na mitihani ya miaka iliyopita. Bumu likiingia, mwanafunzi hununua vyote viwili kabla hajagusa kitabu. Tusimwite mvivu. Amepiga hesabu akaona kwamba sehemu kubwa ya alama iko kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, na kwamba swali la mwaka juzi hurudi likiwa limebadilishwa maneno mawili matatu. Anasoma atakachoulizwa.

Hapo ndipo mazungumzo mengi kuhusu ubunifu vyuoni yanapopotea njia. Projekta zinanunuliwa, masomo yanapandishwa mtandaoni, semina zinaandaliwa (zenye posho, kwa hiyo mahudhurio ni mazuri). Kisha mhadhiri anasimama kusoma slaidi alizokwisha kuwatumia wanafunzi kwenye WhatsApp, na mwisho wa muhula swali ni lilelile: "Eleza kwa kina." Ukigeuza yote ukaacha mtihani, hujageuza kitu.

Shule za tiba ziliona hili mapema. Zamani kule Uingereza, mwanafunzi alikabidhiwa mgonjwa mmoja, akamchunguza, kisha akahojiwa na mabingwa. Mmoja aliangukia mgonjwa msimuliaji mzuri. Mwenzake akapata mzee asiyetaka kusema na mtahini aliyekosa chai. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walichapisha njia nyingine, iitwayo OSCE, ambayo leo imezoeleka hata katika shule za tiba za Afrika Mashariki. Vituo hupangwa mfululizo. Kengele ikilia, mwanafunzi anasoma maelekezo yaliyobandikwa, anaingia, na ana dakika chache tu: hapa apime presha, pale amweleze mama kwa nini mtoto alazwe. Mtahini ameketi kando na orodha yake, anaweka vema. Amesalimia? Amenawa mikono? Ameomba ruhusa kabla ya kumgusa mgonjwa? Kengele tena, kituo kinachofuata. Wote wanapitia majaribio yale yale.

Haki ni faida moja. Faida kubwa zaidi ilionekana Adelaide, Australia, katika utafiti wa Newble na Jaeger wa mwaka 1983. Chuo kilipoweka tathmini ya wodini ambayo wanafunzi waliona haifelishi mtu, wao walihamia maktaba kujiandaa kwa mtihani wa maandishi. Ulipoletwa mtihani mpya wa vitendo, wakarudi kwa wagonjwa. Hakuna aliyewahubiria.

Ufundishaji nao una nafasi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, aliwapa wanafunzi wake maswali mepesi kuhusu kani na mwendo. Mmoja akauliza: ajibu kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Mazur akaanza kuukata mhadhara kwa swali: kila mtu achague jibu, abishane na jirani yake, kisha wachague tena. Mtambo si lazima. Vidole vya mkono vinatosha, hata ukumbi ukiwa na watu 400. Maswali ya namna hiyo akayaingiza pia kwenye mtihani, na hilo ndilo linalosahauliwa na wanaomwiga. Uchambuzi wa tafiti 225 uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kuwa, katika sayansi, uhandisi na hisabati, wanaosikiliza mhadhara mtupu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wale wanaoshirikishwa.

Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na kosweki zikaanza kuandikwa kwa Kiingereza safi ajabu, hata na yule ambaye ombi lake la kuongezewa muda halisomeki. Vyuo vingine vikakimbilia programu za kunasa wadanganyifu. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu baadhi yake kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, insha walizoandika wenyewe. Kwa wastani programu hizo zilizituhumu zaidi ya nusu. Yaani sisi.

Dawa ni ya kale: mwite mwandishi, mkae, umuulize alichoandika. Dakika kumi kwa kila mmoja, darasa la watu 400, ni zaidi ya saa 66. Haiwezekani, tunaambiwa. Lakini kusahihisha vijitabu 400 kwa dakika kumi kila kimoja ni saa zile zile, ila vijitabu havilalamiki vikisubiri. Ugumu wa kweli uko kwingine: mwanafunzi mwenye haya anaweza kuonewa, na mtahini wa nje anataka ushahidi. Basi wawepo watahini wawili, mwongozo wa alama na kinasa sauti. Na mwanafunzi akieleza nusu kwa Kiswahili, angalau tutajua anaelewa.

Hata mtihani wa maandishi unaweza kuokolewa. Badala ya kumuuliza mwanafunzi wa sheria ataje masharti ya mkataba halali, mpe mkataba wa kupanga fremu Kariakoo, wenye kodi ya mwaka mzima mbele na kifungu kimoja chenye mtego. Mruhusu aweke mezani Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kisha amwandikie mpangaji ushauri. Kukariri hakutamfaa kitu.

Swali kama hilo linaweza kumla mhadhiri siku kadhaa kulitunga, ilhali "eleza kwa kina" hutungwa kwenye daladala. Na mhadhiri hupandishwa cheo hasa kwa machapisho. Majopo ya kupandisha vyeo hayana desturi ya kuomba kuona maswali ya mtihani aliyotunga. Naye, kama wanafunzi wake, anasoma atakachoulizwa. Atakayetaka kubadili ufundishaji vyuoni aanze kwa kumbadilishia mhadhiri mtihani wake.