Mnara wa Berea na njia ya mkato ya kujumlisha

Mnara wa Ponte umesimama katika mtaa wa Berea, jijini Johannesburg, tangu mwaka 1975. Ni jengo la mviringo lenye ghorofa 54 na kimo cha mita 173, na katikati yake ni wazi kutoka chini hadi juu.

Berea na mitaa jirani ya Hillbrow na Yeoville ni makao ya wahamiaji wengi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wakiwemo Wakongomani.

Katika majengo marefu ya aina hiyo, ankara moja ya maji ikigawanywa baina ya wapangaji, ugomvi huzuka kwa swali moja: nani ametumia kiasi gani?

Chukulia kwamba kila ghorofa kati ya 54 ina mita yake, na msimamizi ameorodhesha matumizi ya mwezi kwa mpangilio. Wapangaji wa ghorofa ya 11 hadi ya 34 wakidai jumla yao, itambidi ajumlishe namba 24. Wa ghorofa ya 3 hadi ya 50 wakifuata, ataanza upya, namba 48.

Kutoa badala ya kujumlisha

Mita yenyewe ina jibu. Huonyesha maji yote yaliyopita tangu ilipofungwa, na matumizi ya mwezi hupatikana kwa kutoa hesabu ya zamani katika hesabu mpya.

Msimamizi anaweza kufanya vivyo hivyo. Ikiwa ghorofa tano za mwanzo zimetumia uniti 12, 9, 15, 8 na 11, ataandika kando jumla limbikizi: 12, 21, 36, 44 na 55.

Jumla ya ghorofa ya 3 hadi ya 5 ni 55 kutoa 21, yaani 34. Hata safu ikiwa na namba milioni moja, kila swali hujibiwa kwa kutoa mara moja tu.

Kosa moja, marekebisho mengi

Tatizo huja pale namba inapobadilika. Ikigundulika kuwa ghorofa ya 2 ilitumia uniti 10 wala si 9, jumla zote kuanzia hapo, 53 kwa idadi, zitakuwa na kosa.

Suluhisho lilielezwa na Boris Ryabko mwaka 1989, kisha likapata umaarufu kupitia makala ya Peter Fenwick wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwaka 1994.

Badala ya kulimbikiza kila kitu, huhifadhiwa jumla za mafungu yenye ukubwa wa 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Jumla ya ghorofa zote 54 hupatikana kwa mafungu manne: ya 1 hadi 32, 33 hadi 48, 49 hadi 52, na 53 hadi 54.

Kosa la ghorofa ya 2 sasa hurekebishwa katika sehemu tano tu. Kwa safu ya namba milioni moja, hatua hazizidi 20.

Kwa hiyo, hesabu zisizobadilika hutoshelezwa na jumla limbikizi, na zinazobadilika kila siku huhitaji mafungu. Kwa vyovyote vile, mpangaji hupata jibu lake kabla hajaondoka mlangoni.