Fundi ameharibu nguo, na ushalipa zote?

Umepeleka suruali ya harusi ipunguzwe kiuno. Fundi anakwambia, "Tuma zote 400, bosi, Ijumaa njoo uchukue." Unatuma. Ijumaa kumbe amekata miguu, kiuno hakijaguswa, na hashiki simu.

Pole sana. Ombi la kurudishiwa pesa ni la aliyekosea namba, si la kazi mbovu. Hayo ni ya kumalizana na fundi mwenyewe. Kwa hivyo, siku nyingine:

- Lipa nusu kwanza. Nusu iliyobaki utume ukishajaribu nguo.
- Lipia kwa till ya duka, si namba ya mtu. Soma jina kabla ya kuthibitisha.
- Usifute ujumbe wa malipo. Tarehe, kiasi na namba ya muamala ndio ushahidi wako.

Vaa kwanza, ndio umalizie kulipa.